Nyumba yenye kuvuta upepo: Waarabu wanarudilia akili ya babu zao, na sisi watu wa mugodi?

Jirani yangu mumoja ni mama wa biashara. Anakwendaka Dubai mara mbili ao tatu kwa mwaka, analeta viatu, nguo za watoto na telefone. Siku moja ya Mungu tulikuwa tunakaa ku baraza yake, akanionyesha foto mu telefone. Nilizania nitaona zile nyumba ndefu za vioo zenye kila mutu anajua. Kumbe zilikuwa nyumba fupi, rangi ya udongo, na juu ya kila moja kuko munara wa pembe ine wenye matundu marefu.

— Mama, haya ni makanisa?

— Hapana, Delege. Ni nyumba za batu ya zamani. Ile munara inakamata mupepo kule juu, inaishusha mu nyumba. Inje jua ilikuwa inatuchoma sana. Nikaingia mule, nikasimama chini ya ile munara, nikasikia baridi. Nilitaka nibakie paka mule!

Tulicheka. Lakini juma lile nilikuwa ku posti ya usiku. Asubui nilirudi nyumbani, nikaoga, nikalala. Mbele ya saa tano mabati yakaanza kulia juu ya kichwa, ka! ka! ka!, kama vile mutu anayarushia mawe. Ilikuwa mwezi wa kumi. Shuka ilikuwa maji matupu. Niliamka, nikaenda kukaa chini ya muti wa maembe, macho mekundu, na saa ya kurudi ku kazi ilikuwa inakaribia. Njo pale nilikumbuka ule munara wa Dubai. Nikaanza kuuliza na kusoma juu ya jambo hili. Yale nilipata ninawapa leo, wandugu, juu yanatugusa sisi kuliko tunavyozania.

Munara wa hewa

Ile kartie ya mu foto inaitwa Al Fahidi. Wengine wanaiita Bastakiya, juu wachuuzi wenye walijenga pale mwisho wa karne ya 19 walitoka Bastak, mu inchi ya Waajemi, ng'ambo ya bahari. Wakati ule Dubai haikuwa na petroli. Watu waliishi na samaki, na biashara, na kazi ya kuzama mu bahari kutafuta lulu. Umeme haukuwako. Na joto la mwezi wa saba na wa munane kule linapita digri 40, tena karibu na bahari hewa inakuwa nzito, inakushika mu mwili kama nguo ya maji.

Ule munara unaitwa barjeel. Ndani yake kuko kuta mbili zenye kukatana kama musalaba, kona kwa kona. Zinagawanya munara mafungu mane. Upepo ukitoka upande moja, unaingia mu fungu la upande ule, unashuka mupaka mu chumba. Hewa ya moto yenye ilikuwa mu chumba inasukumwa, inapanda, inatokea ku fungu la upande mwingine.

Wewe mwenye ulitumika chini ya udongo, Kipushi ao Kamoto, hii kazi unaijua. Mu mugodi kuko njia yenye hewa safi inaingilia, na njia yenye hewa chafu inatokea. Ukifunga moja, watu wanakufa. Wajengaji wa zamani wa Dubai walifanya kazi ileile mu nyumba ya familia, lakini bila moteri, bila shaba, bila hata waya moja.

Kila pahali na dawa yake

Barjeel si dawa ya pahali pote. Jambo lenye lilinishangaza ni kuona kama Waarabu hawakujenga namna moja. Kila muji ulitazama kwanza jua yake, upepo yake na vitu vya kujengea vyenye viko karibu.

Jeddah, ku bahari ya Shamu, iko na joto la majimaji. Mu muji wa zamani walijenga nyumba ndefu za mawe yenye walitoa ku bahari. Mbele ya madirisha walitokeza visanduku vikubwa vya mbao za kutobolewa-tobolewa, vinaitwa roshan. Upepo unapita mu matundu, jua haipiti. Mama anaweza kukaa pale ndani, anaona barabara, na watu wa barabara hawamuoni. Mu inchi zingine za Waarabu dirisha ya namna ile inaitwa mashrabiya. Jina hili linatoka ku neno la kunywa, juu walikuwa wanaweka pale mitungi ya udongo yenye maji. Upepo ukipiga mutungi, maji yanakuwa baridi ndani, na hewa yenye kupita inapoa kidogo. Nani kati yetu hajaona bibi yake anaweka mutungi mu kivuli ku mulango? Ni akili moja.

Ndani ya Yemen, mu bonde la Hadramaut, kuko muji wa Shibam. Pale watu walijenga nyumba za udongo mutupu, matofali ya udongo na majani makavu, ya kukausha ku jua. Nyumba zingine zinapanda etaji saba, na nyingi ni za karne ya 16! Nyumba zinasimama karibu-karibu, moja inatia ingine kivuli. Ukuta wa udongo ni munene chini, unapunguka ukipanda. Mwaka 1982 UNESCO iliandika muji huu kati ya urizi wa dunia.

Na mu Arabia ya katikati, upande wa Riyadh, pahali pa mangangao, siri ilikuwa kiwanja cha ndani. Vyumba vyote vinatazama kiwanja. Usiku baridi inashuka na kulala mule. Muchana kuta nene zinaichunga, na joto linachukua wakati murefu kupenya. Likifika ndani, jua imekwisha kushuka.

Ile desturi ilifika mupaka Zanzibar wakati Sultani wa Oman alihamisha kiti chake kule, mu karne ya 19: kuta nene za mawe ya bahari, viwanja vya ndani, na baraza mbele ya mulango pa kuongelea na wageni. Neno baraza lilifwata njia ya biashara mupaka huku kwetu. Wabelgiji wenyewe walilikamata, wakaita veranda barza mu Kifaransa chao cha Kongo. Kwa hivi tusiseme kama mambo haya hayatuhusu. Baraza yenye tunakalia mangaribi iko na jamaa kule.

Petroli ikakuja, klimatizeri ikakuja

Abu Dhabi walipata petroli mwaka 1958, Dubai mwaka 1966. Pesa ikaingia kwa nguvu. Watu wakasema: udongo ni umasikini. Wakaanza kubomoa nyumba za zamani. Hata ile Al Fahidi, mu miaka ya 1980 sehemu yake kubwa ilikwisha kuanguka mbele wenye mamlaka hawajaamua kuchunga yenye ilibakia.

Pahali pake walijenga bloki ya simenti, kuta nyembamba, vioo vikubwa vya kutazama jua. Nyumba ya namna ile bila mashine ni tanuru. Basi kila chumba klimatizeri, inaunguruma usiku na muchana. Mu inchi za Ghuba, wakati wa joto, zaidi ya nusu ya umeme inakulwa na kutafuta baridi tu. Na ile mashine haiondoshi joto, inalitosha mu nyumba na kulitupa mu barabara. Kila mutu anapoza chumba chake na kupasha muji wote.

Sasa wandugu, tuseme jambo lenye magazeti mengine hayasemi. Ndani ya klimatizeri kuko mabomba ya shaba. Waya za ile nyumba ni shaba. Waya zenye kutoka ku pano za jua ni shaba. Betri nyingi ziko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu, Katanga. Kwa hivi, baridi ya kule inaanzia mu jasho ya huku. Siandiki hivi kwa wivu. Ninaandika juu tusikubali mutu atuambie kama nyumba nzuri ni neno la wageni, haitutazame.

Kuchanganya ya zamani na ya sasa

Kisha miaka, waliona hesabu haiendi. Petroli itakwisha siku moja, na joto linaongezeka. Wakarudi kutazama kazi ya babu zao. Hawakutupa mashine, lakini walibadilisha mupango: kwanza nyumba yenyewe ipigane na joto, kisha mashine ije kusaidia kidogo.

Mufano wenye kujulikana sana ni Masdar, karibu na Abu Dhabi. Walianza mwaka 2006, na mwandika-plani ni kampuni ya Muingereza Norman Foster. Barabara ni nyembamba kama za miji ya zamani, nyumba zinatiana kivuli, na barabara zimeelekezwa kufwata upepo. Katikati kuko munara wa hewa wa metre 45. Ni barjeel ileile, lakini ya chuma, na kule juu kuko vifaa vyenye kusikia upepo unatoka wapi, vinafungua upande ule na kufunga zingine. Tena kuko maji ya kunyunyiza kama ukungu, hewa inapoa mbele ya kushuka. Nyumba za wanafunzi ziko na baraza zenye kufunikwa na ukuta wa matundu, mufano wa mashrabiya. Hawakuutengeneza na mbao, walitumia simenti yenye kukazwa na nyuzi za kioo, wakaitia rangi ya muchanga wa palepale. Umeme wanatosha ku jua. Tuseme kweli yote: walisema muji utaisha mwaka 2016, na haukuisha. Plani ni plani, hata ku wenye pesa.

Mu Abu Dhabi kuko tena nyumba mbili ndefu, Al Bahr, za mwaka 2012. Kila moja imevaa miamvuli zaidi ya 1,000. Kompyuta inafwata jua: upande wenye jua inapiga, miamvuli inafunguka, jua ikihama, inajifunga. Ni dirisha ya Jeddah yenye kujiendesha yenyewe.

Lakini kwa mutu mwenye familia, mufano wenye kufaa zaidi uko Dubai, mu kartie yenye wanaita The Sustainable City. Ni nyumba karibu 500 za watu kuishi. Zimegeuzwa kutazama kaskazini juu ya kukimbia jua, kuta zimewekwa vitu vya kuzuia joto, rangi ni nyeupe, njia kati ya nyumba ni nyembamba na motokari haziingii. Pano za jua ziko juu ya nyumba na juu ya pahali pa kusimamisha motokari, zinatosha umeme na kivuli pamoja.

Kuko jambo lingine lenye sisi wa sendika tunapaswa kulishika. Mwaka 2010 Abu Dhabi waliweka kanuni yenye inaitwa Estidama, neno la Kiarabu lenye maana ya kudumu. Kila nyumba mupya inapimwa na kupewa lulu, toka 1 mupaka 5. Bila lulu 1 hauna ruhusa ya kujenga. Nyumba za serkali zinapaswa kufikia lulu 2. Hawakungojea tajiri awe na huruma, waliandika mu sheria.

Na wenye kujenga, je?

Siwezi kusifu nyumba bila kuuliza juu ya mikono yenye iliijenga. Kule wajengaji wengi ni wageni, kutoka India, Pakistani, Nepali, Bangladeshi, na sasa Waafrika vilevile. Sendika huru haina ruhusa mu Emirati. Iko kanuni moja nzuri: toka tarehe 15 ya mwezi wa sita mupaka tarehe 15 ya mwezi wa kenda, kazi ya inje chini ya jua imekatazwa toka saa sita na nusu mupaka saa tisa ya muchana. Ni kidogo, lakini ni mukono wa sheria juu ya joto. Kwetu sisi sijaona bado karatasi yenye kusema joto ni hatari ya kazi. Kwetu joto ni hali ya hewa tu, Mungu alileta.

Usingizi wa muchana ni usalama wa usiku

Sasa turudi nyumbani. Mwaka moja, mwenzetu mumoja mwenye kuendesha kamyo kubwa alishikwa na usingizi ku volani, saa kumi ya usiku. Kamyo ilitoka mu njia, ikapanda lundo la udongo lenye kuwa ku kando, ikasimama. Hakufa, Mungu asifiwe. Mu raporo waliandika: kukosa uangalifu. Mimi nilikwenda kwake. Nyumba ya bloki nyembamba, mabati, hakuna plafo, dirisha moja, na mulango unatazama mangaribi. Muke wake aliniambia:

— Delege, muchana hatuwezake kukaa mule ndani, siye na batoto tunakimbiaka inje. Ye eko na lala mule namna gani?

Hakuna mutu aliandika ile mu raporo.

Kode ya Kazi ya mwaka 2002 inasema: mwenye kazi anapaswa kumupa mufanyakazi nyumba, ao kama hapana, pesa ya nyumba. Lakini tukifika ku meza ya mazungumuzo, tunabishana paka juu ya franga. Hatuulizake nyumba ya namna gani. Mwaka huu kampuni yenye ninatumikia ilituletea plani ya nyumba mupya za wafanyakazi. Nilitazama: safu mbili za bloki na mabati, milango yote ku mangaribi, muti hata moja hapana. Nikaomba plani ibakie nasi juma moja. Tukaandika mambo tano, kufwatana na yale nimewaeleza. Ninayaweka hapa, juu hata wewe mwenye kujenga polepole mu lupango yako unaweza kuyatumia.

La kwanza, geuza nyumba. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, pande fupi zitazame mashariki na mangaribi. Jua ya kisha saa munane ndiyo mbaya zaidi, usiipe madirisha. Jambo hili halina bei, ni kuamua mbele ya kuchimba musingi.

La pili, plafo na njia ya hewa. Mu mwezi wa kumi jua yetu inasimama karibu juu ya kichwa, kwa hivi adui wa kwanza ni mabati. Weka plafo, hata ya mikeka ao ya mbao nyepesi, na acha matundu ku pande mbili juu ya plafo, hewa ya moto itoke. Tena mu chumba, tundu moja chini na tundu moja juu, upande na upande. Hii ndiyo barjeel ya masikini. Ukipaka mabati rangi nyeupe, inasaidia vilevile.

La tatu, ukuta munene. Sisi tuko na bahati: hata mu wakati wa joto usiku wetu unapoa, kama kule Riyadh. Ukuta wa matofali ya udongo unachelewesha joto. Matofali ya kichuguu tunayajua tangu zamani, lakini kuyachoma kunamaliza miti. Kuko mashine ya mukono yenye kukamua udongo na simenti kidogo, tofali inakauka bila moto. Lakini angalia: kule mvua ni chache, huku inapiga toka mwezi wa kumi na moja mupaka wa tatu. Shibam yenyewe iliumizwa na mafuriko mwaka 2008. Kwa hivi, musingi wa mawe, na mabati yatoke mbali kuliko ukuta. Na usiku fungua madirisha, lakini uweke wavu, juu malaria haingojei.

La ine, baraza na muti. Baraza ku upande wa mangaribi inazuia jua kugusa ukuta. Muti wa maembe unafanya kazi ya klimatizeri bila kuomba faktire, tena unakulisha.

La tano, njo umeme. Kisha yote ile, vantilateri moja na pano moja ndogo ya jua vinatosha kwa usingizi wa muchana, hata siku umeme unakatika. Ukianza na vantilateri chini ya mabati matupu, inakupigia paka hewa ya moto ku uso.

Mukubwa mumoja wa kampuni alisoma, akatuambia kama plafo itapandisha bei. Nilimujibu: bwana, kugeuza nyumba hakuna bei. Kupanda miti hakuna bei kubwa. Na plafo, muhesabu pamoja na kamyo moja yenye kuanguka na mutu ndani. Alinyamaza, akasema watatazama. Mupaka leo wanatazama. Mukutano mwingine uko mbele ya mvua kuanza, na tumeomba maneno "nyumba yenye mutu wa posti ya usiku anaweza kulala muchana" yaandikwe wazi mu konvansyo kolektivi.

Wandugu, mbele ya siku ile ninawaomba jambo moja. Kila mumoja, mama ao baba, akae mu nyumba yake saa nane ya muchana, milango ya kufunga, aweke mukono ku ukuta wa mangaribi na kutazama juu ku mabati. Kisha aandike yale alisikia, na namba ya nyumba, aletee delege wake. Wenye kampuni wanapenda karatasi. Tutawaletea karatasi.